Judo au Jiu-jitsu ya Kibrazili: Tuchague kwa Kigezo Gani?

Alhamisi ya wiki iliyopita waliingia ofisini kwangu wanafunzi watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume. Baada ya shikamoo na marahaba, msemaji wao, binti wa mwaka wa tatu, aliniwekea mezani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya kusajili klabu mpya ya wanafunzi, yenye majina kumi na mawili na nafasi ya mlezi ikiwa bado wazi. Ya pili ilikuwa mchanganuo wa fedha walizochangishana. Fedha hizo zinatosha kununua mikeka ya mitumba na kumlipa mwalimu mmoja kwa muhula mmoja. Kwa walimu wawili hazitoshi. Kwenye ile fomu, mahali palipoandikwa "aina ya mchezo" palikuwa patupu. Sita kati yao wanataka judo. Sita wanataka jiu-jitsu ya Kibrazili.

Niliwauliza kilichowasukuma. Aliyejibu ni binti wa pili, ambaye hadi wakati huo alikuwa kimya. Wiki tano kabla ya siku ile alipigwa kabari usiku akitoka maktaba kwenda bwenini. Walimpora simu na kompyuta mpakato, wakamwacha na shingo iliyovimba na andiko la utafiti lililopotea. Alipokwenda kutoa taarifa, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: kwa nini ulitembea peke yako saa tatu usiku?

Wanafunzi hawa walinifuata kwa sababu walisikia kwamba nimewahi kuicheza michezo yote miwili. Niliwaomba wiki moja ya kutafakari. Jibu langu naliandika hapa hadharani, kwa kuwa naamini swali lao si lao peke yao. Linamhusu kila mzazi anayetafuta mchezo wa kumpeleka mwanawe, kila mwanaharakati anayeandaa mafunzo ya kujilinda kwa wasichana, na kila ofisa wa michezo anayepaswa kuamua shilingi chache za umma zielekezwe wapi.

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri upande wangu. Judo niliicheza miaka minne nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Jiu-jitsu niliianza ughaibuni nilipokuwa nikisomea uzamivu, na ndiyo ninayoicheza hadi leo kila bega langu linaporuhusu. Kwa hiyo moyo wangu una mwelekeo, na mwelekeo huo si ule ambao hoja yangu itaufikia.

Ndugu wa tumbo moja

Mashabiki wa michezo hii huzungumza kana kwamba wanazungumzia mataifa mawili yenye uhasama. Historia inasema vingine. Mwaka 1882, kijana wa miaka 21 aitwaye Jigoro Kano alifungua ukumbi mdogo wa mazoezi katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akauita Kodokan. Alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka mmoja tu kabla. Katika Japani ya wakati huo tabaka la samurai lilikuwa limepoteza upendeleo wake, na mafunzo ya kale ya kupigana bila silaha, yaliyojulikana kwa jina la jujutsu, yalidharauliwa kama masalia ya zama zilizopita.

Kano alisoma shule mbili za jujutsu ya kale, akazichambua kama msomi anavyochambua matini. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufikiria kwa mara ya kwanza. Mbinu za hatari zaidi aliziweka kando, zifundishwe kwa mpangilio maalumu usio na ushindani. Akazibakiza kwa ajili ya mazoezi huru zile ambazo watu wawili wanaweza kufanyiana kwa nguvu zao zote, leo, kesho na kesho kutwa, bila kulemazana. Mazoezi hayo huru huitwa randori. Siri ya judo iko hapo: mbinu unayoweza kuijaribu mara elfu dhidi ya mtu asiyetaka ifanikiwe ina thamani kuliko mbinu ya kuua ambayo hujawahi kuijaribu hata mara moja.

Kano alikuwa mwalimu kwa taaluma. Aliongoza chuo cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Aliiwekea judo misingi miwili: kutumia nguvu kwa namna iliyo bora kabisa, na kustawi pamoja, mimi na mwenzangu. Naomba msomaji aushike huo msingi wa pili, maana nitaurudia.

Mmoja wa wanafunzi wa Kodokan alikuwa Mitsuyo Maeda. Aliondoka Japani mwaka 1904 kwenda Marekani, akazunguka nchi nyingi akipigana kwa malipo, akafika Brazili mwaka 1914 na hatimaye kuweka makazi Belém, katika jimbo la Pará. Huko ndiko kijana Carlos Gracie alikojifunza mchezo ambao wakati huo watu wengi bado waliuita jiu-jitsu, jina la zamani. Carlos na ndugu zake walihamia Rio de Janeiro, na katika miaka ya 1920 na 1930 wakaujenga kuwa shughuli ya familia: ukumbi wa kulipia, changamoto za wazi zilizotangazwa magazetini, na mkazo unaoongezeka kila mwaka juu ya kupigana mkiwa chini.

Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã, mdogo wake Hélio Gracie alipambana na bingwa wa judo Masahiko Kimura. Kimura alimkunja mkono Hélio mpaka ukavunjika. Hélio hakusalimu amri, na nduguye ndiye aliyesimamisha pambano. Lakini hebu tazama kilichofuata. Katika kumbi za jiu-jitsu duniani kote, mbinu ile inaitwa kimura hadi leo. Watu wanaotamka kila siku kwa heshima jina la aliyewashinda wanajua wametoka wapi.

Kanuni huumba mwili

Kama ni ndugu, walitofautianaje? Jibu langu ni kwamba walitenganishwa na kanuni za mashindano. Mtu hufanya mazoezi ya kile kinachomletea ushindi.

Katika judo, ushindi kamili huitwa ippon. Unaupata kwa kumwangusha mwenzako chali kwa nguvu, kasi na udhibiti. Au kwa kumbana mgongo mkekani kwa sekunde 20. Au kwa kumlazimisha asalimu amri kwa kabari au kwa kukunja kiwiko. Pambano la watu wazima lina dakika 4. Mkianguka chini na mwamuzi asione maendeleo, huwasimamisha upesi. Tangu mwaka 2010 kushika miguu kwa mikono kulianza kubanwa katika mashindano ya kimataifa, na mwaka 2013 kukapigwa marufuku kabisa. Matokeo yake ni mchezaji aliyesimama wima, mwenye mshiko wa chuma kwenye ukosi na mkono wa koti, anayeweza kukupiga mtama kabla hujajua kwamba mguu wako umebeba uzito. Lakini hamalizi yote yanayowezekana chini, na ameanza kusahau kumzuia anayemvamia magoti.

Katika jiu-jitsu ya Kibrazili, kumwangusha mwenzako hakumalizi kitu. Kunakupa pointi 2 tu. Kuipita miguu ya aliye chini yako ni pointi 3. Kumkalia kifuani au kumpanda mgongoni ni pointi 4. Pambano huendelea palepale chini mpaka muda uishe au mmoja agonge mkeka kuomba salama. Matokeo yake ni mchezaji mtulivu, anayejua kwamba kulala chali si kushindwa. Methali yetu isemayo aliye juu mngoje chini, kwa mchezaji huyu si fumbo, ni maelekezo ya kazi: anamfunga aliye juu kwa miguu yake, anamvuta, anamgeuza. Lakini kwa kuwa kuangusha kuna malipo madogo, wengi hukaa chini wenyewe mara pambano linapoanza. Nimewahi kukutana na watu wenye mkanda wa zambarau, baada ya miaka mitano ya mazoezi, wasioweza kumwangusha mtu aliyesimama imara.

Anayedai kwamba mmojawapo ni "bora" anapaswa kwanza aseme: bora kwa kanuni zipi? Mwaka 1993, katika shindano la kwanza la UFC mjini Denver, Royce Gracie aliwashinda watu wakubwa kuliko yeye kwa sababu wengi wao hawakujua lolote kuhusu kupigana chini. Hilo lilithibitisha kwamba ujinga wa chini ni hatari. Halikuthibitisha kwamba kusimama hakuna maana. Na katika judo yenyewe, pambano mashuhuri kuliko yote, fainali ya mwaka 1964 katika Olimpiki ya Tokyo, liliishia chini: Mholanzi Anton Geesink alimbana Akio Kaminaga mkekani mbele ya Wajapani wenzake mpaka muda ukatimia. Wafuasi wa Geesink walipotaka kuruka ulingoni kushangilia, aliinua mkono kuwazuia, kwa heshima ya aliyeshindwa.

Kwa yule aliyekabwa njiani

Sasa nizungumze na binti aliyeporwa, kwa kuwa yeye ndiye chanzo cha mjadala huu.

Sitakudanganya. Hakuna ukumbi wa judo wala wa jiu-jitsu utakaokufanya uwashinde vijana wawili wenye kisu gizani. Mwalimu yeyote anayekuahidi hivyo anakuuzia ndoto. Wakitaka simu, wape simu. Ukiweza kukimbia, kimbia. Na kulala chini kupambana na mmoja wakati mwenzake amesimama pembeni ni kosa ambalo mkeka haukuadhibu, lakini barabara itakuadhibu.

Hata hivyo kuna kitu ambacho michezo hii hutoa na ambacho mihadhara ya usalama haiwezi kutoa. Umeniambia kwamba kilichokutisha kuliko kuibiwa ni kwamba mwili wako uliganda. Mkono ulipokuzunguka shingoni, hukujua ni kitu gani. Kwenye mkeka utakabwa mara mia kadhaa na watu unaowafahamu, ambao wataachia mara utakapogonga. Utajifunza kuinamisha kidevu, kuushika ule mkono kwa mikono yako miwili, kugeuza mabega kutafuta upenyo wa hewa. Zaidi ya yote, utajifunza kwamba kati ya kukabwa na kuzimia kuna sekunde chache za kufikiri, na kwamba sekunde hizo ni zako. Jiu-jitsu hukaa katika somo hili muda mrefu zaidi kuliko judo; huo ni ukweli na wale sita wanaoitaka wana haki ya kuutaja. Judo kwa upande wake itakupa miguu isiyoyumba ukisukumwa, na maarifa ya kuanguka bila kupasua kichwa. Katika maisha ya kawaida ya mwanadamu, kuanguka ndiko kunakotupata mara nyingi zaidi kuliko kukabwa.

Kwa kigezo cha kujilinda peke yake, basi, mizani haijalala upande wowote. Tutafute vigezo vingine.

Mkeka, mwalimu na sheria

Kigezo cha kwanza ni usalama wa mchezaji mwenyewe, na hapa judo inabeba aibu ambayo lazima isemwe. Katika takribani miaka thelathini kuanzia 1983, zaidi ya watoto 100 walifariki kutokana na judo ya shuleni nchini Japani, kwenye asili ya mchezo wenyewe. Wengi waliumia kichwa, na wengi walikuwa wanafunzi wapya: walitupwa kabla ya kujua kuanguka, na watu wenye nguvu kuliko wao, chini ya walimu walioamini kwamba kuteseka ni sehemu ya malezi.

Linganisha na Ufaransa, ambayo ina wachezaji wa judo waliosajiliwa zaidi ya 500,000, wengi kuliko Japani yenyewe, na wengi wao watoto. Msiba wa ukubwa ule haukuonekana huko. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba tangu mwaka 1955 sheria ya Ufaransa humtaka anayefundisha judo kwa malipo awe na diploma inayotambuliwa na dola. Mtupo ni uleule, koti ni lilelile, mvutano wa ardhi ni uleule. Kilichotofautiana ni usimamizi. Kwangu mimi, mwalimu wa sayansi ya siasa, hakuna mfano bora wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba sheria nzuri inayotekelezwa huokoa shingo za watoto.

Jiu-jitsu ya Kibrazili ina nafuu hapa. Kwa kuwa mazoezi mengi huanzia chini, mwili hauanguki kutoka juu, na hata mkeka mwembamba hustahimili. Majeraha yake ni ya magoti, viwiko na shingo. Yanasumbua, mimi ni shahidi, lakini mara nyingi huja polepole na hutoa nafasi ya kugonga. Kwa klabu yenye mikeka ya mitumba, nafuu hiyo si ndogo.

Mchezo ni mali ya nani?

Kigezo cha pili ndicho kinachonigusa zaidi kama raia. Mchezo huu ni mali ya nani, na nani analipa ili aingie?

Kano aliijenga judo kama elimu. Kwa sababu hiyo ilipita kwenye milango ya umma: shule, vyuo, majeshi, vyama vya taifa. Hapa kwetu, visiwani Zanzibar, judo ilijengwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mjapani aliyefanya huko makazi yake, Tsuyoshi Shimaoka, aliyewafundisha vijana wasio na kitu. Mwaka 2024 Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alicheza judo katika Olimpiki ya Paris akiivaa bendera yetu. Njia ya kutoka mkekani hadi kwenye bendera ni ndefu na imejaa mashimo, lakini ipo, na kijana wa mkulima anaweza kuiona.

Jiu-jitsu ya Kibrazili ilienea duniani kwa njia ya ukumbi binafsi na ada ya mwezi. Sisemi hili kwa kejeli. Njia hiyo imeupa mchezo uhuru mkubwa: mbinu mpya iliyobuniwa leo na kijana wa mkanda wa bluu inaweza kutumika kesho katika mashindano bila kusubiri kikao cha kamati. Lakini mchezo huu haumo katika Olimpiki, na mashindano yake makubwa humilikiwa na taasisi binafsi zinazomtambua mchezaji na ukumbi wake zaidi ya nchi yake. Mwanafunzi wa chuo cha umma anayetaka kupanda ngazi huko hupanda kwa mfuko wake. Na asiye na mfuko?

Msomaji mwangalifu ataniuliza: je, lazima iwe hivyo? Hapana. Katika Brazili yenyewe palikuwa na Oswaldo Fadda, mwalimu wa ukoo mwingine wa Maeda usiopitia kwa akina Gracie. Alifundisha maskini wa vitongoji vya Rio, wengi bila malipo, wakati ambapo ada ya ukumbi wa kifahari haikuwa ya kila mtu. Katikati ya miaka ya 1950 wanafunzi wake waliwapa changamoto wanafunzi wa akina Gracie, wakawashinda. Historia ya mchezo husimuliwa na wenye matangazo, ndiyo maana jina la Fadda halisikiki sana. Lakini linatufundisha kwamba sanaa haina tabaka. Wenye tabaka ni wenye milango.

Nami nisiipambe judo kupita kiasi. Milango ya umma nayo hufungwa. Medali za judo za Olimpiki zilitolewa kwa wanaume mwaka 1964. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1992 mjini Barcelona kushindania medali rasmi. Marufuku ya kushika miguu iliamuliwa mbali na wachezaji wengi wanaoishi nayo. Na sote tunajua maradhi ya vyama vya michezo katika nchi zetu: uchaguzi usiokwisha, na msafara ambao viongozi ni wengi kuliko wachezaji. Hata hivyo kuna tofauti ya msingi. Chama cha umma kikiharibika, mwanachama ana haki ya kuuliza, kupiga kura na kushtaki. Ukumbi binafsi ukiharibika, haki yako ni moja tu: kuacha kulipa na kuondoka.

Njia iliyopitwa na wanafunzi wenzenu

Wanafunzi wangu, mnabishana kana kwamba ni lazima mchague kati ya kusimama na kulala. Wanafunzi wenzenu wa Japani walilitatua hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Kyoto kilianzisha mashindano ya judo ya shule za juu na vyuo vya ufundi, yaliyokuja kujulikana kama kosen. Wanafunzi wale walikuwa na tatizo kama lenu: muda mfupi. Mtupo mzuri huchukua miaka mingi kuiva, na wao walikuwa na miaka michache tu shuleni. Waligundua kwamba mtu wa kawaida akifanya bidii chini hukua upesi zaidi. Kanuni zao ziliruhusu kwenda chini moja kwa moja na kubaki huko. Wakavumbua mbinu za mikao ya chini zinazofanana kwa namna ya kushangaza na zile ambazo Brazili ilikuwa ikizikuza upande wa pili wa dunia. Mila hiyo bado inaendelezwa katika mashindano ya vyuo vikuu saba vya Japani. Hawakuihama judo. Waliichukua, wakaipinda iendane na mahitaji ya mwanafunzi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwenye ile fomu andikeni "judo", kisha ichezeni kama wanafunzi wa kosen.

Andikeni judo kwa sababu inawapa chama cha taifa cha kujiunga nacho, ngazi inayotambulika, na mlango ambao mdogo wenu atakayekuja mwaka kesho na begi moja na mkopo uliochelewa ataweza kuupita. Klabu ya chuo cha umma isiwe mahali ambapo ada inamchuja mtu kabla ya mkeka. Lakini muhula wa kwanza wote uwe wa kazi ya chini na wa kujifunza kuanguka: kubana, kujinasua, kabari na namna ya kuzitoka. Mtu yeyote asitupwe kutoka wima mpaka mikeka iwe ya unene unaostahili, na mpaka mwalimu aseme mbele ya mlezi kwamba fulani anajua kuanguka. Mwalimu aje na vyeti vyake, nami nitavisoma. Na mara moja kwa mwezi mwalikeni mchezaji wa jiu-jitsu kutoka mjini aje kuwafundisha. Wengi wao, nawajua, watakuja kwa nauli tu.

Kwa mtu mwingine ushauri ungekuwa tofauti. Mtu mzima wa umri wangu, mwenye mshahara na mgongo unaolalamika, namshauri jiu-jitsu bila kusita. Mzazi mwenye mtoto wa miaka minane namshauri judo, kwa sharti kwamba akae pembeni wiki mbili amtazame mwalimu kabla ya kumwachia mwanawe. Mwalimu anayeshangilia mtoto akilia hafai, hata akiwa na mkanda mweusi wa rangi tatu.

Barua ya pili

Limebaki moja, nalo halihusu mkeka.

Nilisema Kano aliweka msingi wa kustawi pamoja. Mkekani maana yake ni kwamba shingo ya mwenzako iko mikononi mwako, na wajibu wa kuachia ni wako. Lakini msingi huo hauishii kwenye mlango wa ukumbi. Binti yule alikabwa mahali ambapo taa tatu zimeungua tangu muhula uliopita, nami ninapita hapo kila jioni kwa gari langu na kusema, "wataalamu watakuja". Tunapomwambia aliyeporwa ajifunze kupigana na kuishia hapo, tumemhamishia yeye deni la taasisi. Kujifunza kujilinda ni haki yake. Kumlinda kunabaki kuwa kazi yetu.

Kwa hiyo Jumatatu saa nane mchana nitakuwa ofisini. Njooni na ile fomu niisaini kama mlezi. Njooni pia na majina yenu kumi na mawili kwa ajili ya barua ya pili ambayo nimeshaiandika rasimu, kwenda kwa uongozi wa chuo, kuhusu taa za njia ya maktaba, askari wa zamu ya usiku, na namna ya kumpokea mwanafunzi anayekuja kutoa taarifa. Jina langu litakuwa la kwanza, kwa kuwa nimepita pale gizani mara nyingi kuliko wote bila kusema kitu.

Na wale sita wa jiu-jitsu ambao hawajaridhika, waje na hoja zao. Nafasi ya "aina ya mchezo" itajazwa kwa kalamu yenu, si yangu.